Gitaa Linaloumiza Vidole: Kulipima, Kulichonga, Kuligundisha

Magitaa mengi yanayofikishwa kwa mafundi wa Kampala huja na shtaka moja: nyuzi ziko juu, vidole vinauma, kodi ya F (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) haishikiki. Mwenye gitaa huwa ameshamtaja na mshtakiwa. Ni nyuzi mbovu, au shingo imepinda, au basi tu ni "la Kichina". Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Gitaa la bei ya chini linalotoka dukani likiwa na nyuzi zilizo milimita 4 juu ya freti (kichuma kinachokatiza shingo) ya 12 si bovu, bali halijamaliziwa. Kiwandani huacha mifupa inayobeba nyuzi ikiwa mirefu kwa kuwa mrefu unapunguzika na mfupi haurefuki, na kulimalizia gitaa moja kunataka mkono wa mtu na muda ambao bei ile haiulipi. Kazi hiyo iliyoachwa njiani ndiyo inayoangukia karakana zetu.

Tuelewane kwanza kwa majina. Mfupa wa juu ni kile kipande chenye mifereji sita kati ya kichwa na ubao wa vidole. Mfupa wa chini ni kile kinachosimama ndani ya daraja, ile mbao iliyogundishwa mwilini ambako nyuzi hufungiwa. Nitaviita hivyo hata vikiwa plastiki, na kwenye magitaa ya bei ndogo karibu vyote ni plastiki. Uzi wa kwanza ni mwembamba, wa sita ni mnene.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa cha fundi. Bana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote sita, kwenye freti ya kwanza. Kapo isipokuwepo, penseli na mpira wa kufungia noti vinatosha. Kisha mpe mwenyewe apige zile kodi zinazomshinda. Kapo inauondoa mfupa wa juu kwenye hesabu. Gitaa likilainika ghafla, kosa liko kwenye mfupa wa juu, usihangaike na kingine. Likibaki gumu vile vile, hasa kuanzia freti ya 5 kuelekea mwilini, tafuta kosa kwenye shingo au mfupa wa chini. Kwa gitaa jipya la bei ndogo, mimi ningeuwekea dau mfupa wa juu kabla hata ya kulitoa gitaa kwenye mfuko wake.

Pima kabla ya kukaza chochote

Tuni gitaa kwa sauti ambayo mwenyewe huipigia. Hili linapuuzwa sana. Mpigaji wa kadongo kamu, ule mtindo wa kina Christopher Ssebadduka na Paul Kafeero, akishusha gitaa lake nusu sauti au sauti nzima ili limfuate koo, shingo yake inavutwa kidogo kuliko ya mpigaji wa kwaya anayebaki kwenye E ya kawaida (uzi wa sita ukilia E). Ukilipima gitaa lake kwenye E, umepima gitaa la mtu mwingine. Muulize pia anapigaje. Anayetembeza besi kwa dole gumba kwa nguvu anahitaji uzi wa sita uwe juu kidogo, la sivyo utakwaruza freti kila anapoukandamiza. Anayechapa taratibu kanisani anaweza kushushiwa zaidi.

Vifaa vya kupimia ni vitatu: rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, filagechi ya makanika, ile ya kurekebishia valvu, na tochi ya simu. Filagechi ikikosekana, kata kipande cha uzi wa kwanza. Seti hutajwa kwa unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi: ule wa seti ya 10 una unene wa milimita 0.25, wa seti ya 12 una 0.30. Karatasi ya fotokopi ni takriban 0.1.

Halafu angalia pembe ya shingo. Chukua kipande cha alumini kilichonyooka, kama wanavyokatia watengeneza madirisha, ukilaze juu ya freti katikati ya shingo mpaka ncha yake ifike kwenye daraja. Ikigusa ukingo wa juu wa mbao ya daraja, au kupita kidogo juu yake, shingo iko sawa. Ikigonga uso wa daraja milimita 3 chini ya ukingo, shingo imevutwa mbele, na hilo halitatibiwa na jambo lolote kati ya yale matatu yanayofuata. Nitalirudia mbele.

Yale matatu yana mpangilio: upinde wa shingo kwanza, mfupa wa juu pili, mfupa wa chini mwisho. Mpangilio huu hauna uhusiano na mazoea. Kila hatua inabadilisha kipimo cha hatua inayofuata, na mfupa wa chini ukishasuguliwa haurudi. Fundi anayeanza kwa kusugua mfupa wa chini, kisha akagundua shingo ilikuwa na upinde mkubwa, akiinyoosha shingo nyuzi zitalala juu ya freti na atalazimika kununua mfupa mwingine.

Chuma cha shingo si cha kushushia nyuzi

Seti ya 12 ikituniwa kawaida inavuta kwa nguvu ya karibu kilo 74, seti ya 10 karibu kilo 60. Mvuto huo unaikunja shingo mbele, na chuma kilichofichwa ndani yake kipo ili kuukabili. Kampuni ya Gibson ilipata hataza ya chuma kinachorekebishika mwaka 1923, na tangu hapo kimekuwa kipande kinachosingiziwa kuliko vyote, kwa sababu ni kimoja tu chenye mahali pa kuingiza ufunguo. Mtu akiona nyuzi ziko juu, anakaza. Gitaa la klasiki la nailoni kwa kawaida halina chuma hicho; nyuzi zake zinavuta karibu kilo 40 tu.

Upinde unapimwa hivi: kapo kwenye freti ya kwanza, kidole kikikandamiza uzi wa sita kwenye freti ya 14, pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Milimita 0.15 hadi 0.25 ni sawa. Isipokuwepo nafasi yoyote, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma, na freti za mwanzo zitakwaruza, kwa maana uzi unaotetemeka unahitaji nafasi pana katikati yake. Ikifika 0.5, kaza.

Chuma kinafikiwa kupitia tundu la sauti au chini ya kifuniko kidogo kichwani. Alenkii ya milimita 4 au 5 inafungua mengi. Legeza nyuzi kidogo, zungusha robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa, tuni tena, pima tena. Robo moja tu kwa mara moja. Kuna shingo zinazoendelea kujinyoosha taratibu, kwa hiyo pima tena kesho yake kabla ya kusema umemaliza. Kikikataa kuzunguka, acha. Chuma kilichokatika ndani ya shingo ya gitaa la bei ndogo kinamaanisha shingo nzima imekwisha, na hakuna bili utakayomwandikia mwenyewe akakuelewa.

Mabadiliko ya 0.2 kwenye upinde yanashusha nyuzi kidogo sana kwenye freti ya 12. Anayetaka kushusha milimita moja nzima kwa ufunguo huu anatafuta shingo iliyorudi nyuma.

Mfupa wa juu

Kandamiza uzi kwenye freti ya 3, angalia freti ya kwanza. Lazima kibaki kiwazi kidogo kabisa, karibu 0.05 kwenye nyuzi nyembamba na hadi 0.15 kwenye uzi wa sita. Njia ya haraka ni kuugonga uzi juu ya freti ya kwanza kwa kidole. Ukisikia mgongano mdogo, kiwazi kipo. Usiposikia kitu, mfereji umeshuka mno na uzi ulio wazi utakwaruza. Kwenye gitaa lisilomaliziwa utaona nafasi ya nusu milimita au zaidi. Hapo ndipo F inapokuwa adhabu, na ndipo kodi ya C inapotoka kali hata gitaa likiwa limetuniwa vizuri, maana kuukandamiza uzi kutoka juu hivyo kunauvuta na kupandisha sauti yake.

Tupa maalumu za mifereji ni ghali na hazipatikani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Badala yake, nenda Katwe kwa wauzaji wa vifaa vya kuchomelea uulizie sindano za kusafishia pua ya gesi. Ni seti ya waya zenye meno madogo, za unene mbalimbali kuanzia chini ya nusu milimita. Chagua sindano iliyo nene kidogo tu kuliko uzi wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba zinapinda, kwa hiyo shika karibu na mfupa na usiharakishe.

Mfereji unateremka kuelekea kichwani, ili uzi uguse mfupa ukingoni upande wa freti na si katikati. Mteremko ukigeuzwa, uzi unagusa nyuma, unatoa mlio wa sitar, kinanda cha nyuzi cha Kihindi, na hata oktava hazilingani. Sugua mara tatu nne, rudisha uzi, tuni, pima. Makosa hapa yanatokea kwenye mkono wa mwisho, ule wa "bado kidogo tu". Ukizidisha, jaza mfereji kwa unga wa mfupa, dondoshea supagluu nyepesi, subiri ikauke na uchonge upya. Watu wanatumia pia magadi ya kuokea badala ya unga wa mfupa. Inaganda papo hapo, lakini inachakaa mapema chini ya nyuzi nene. Dawa ya kudumu ni mfupa mpya.

Unapotengeneza mpya kwa shingo yenye upana wa milimita 43, umbali wa uzi wa kwanza hadi wa sita uwe karibu 36, na nafasi zilingane kati ya kingo za nyuzi. Ukipima kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya mwingine, zile nene zitaonekana zimebanana. Kina cha mfereji kiwe karibu nusu ya unene wa uzi. Kinachobaki juu kisugue kiondoke, maana mfereji wenye kina kikubwa unaubana uzi na ndiyo sababu ya ule mlio wa "ting" unaosikika ukituni.

Mfupa wa chini, na unakotoka

Sasa kimo. Pima kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2.5 kwa uzi wa sita na 2.0 kwa wa kwanza humfaa mtu wa kawaida. Kwa mpigaji mzito ongeza mpaka 2.8 na 2.2. Nailoni inatetemeka kwa upana zaidi, kwa hiyo 3.5 hadi 4 kwa wa sita na karibu 3 kwa wa kwanza.

Freti ya 12 iko nusu ya safari ya uzi, kwa hiyo punguza mfupa mara mbili ya unachotaka kushusha pale. Uzi wa sita uko 3.6, unataka 2.5: tofauti ni 1.1, mfupa unapoteza 2.2. Piga mstari kwa penseli, sugua upande wa chini kwenye msasa namba 120 uliobandikwa juu ya kioo au kigae, simamia 1.5 kwanza, rudisha, pima, kisha malizia. Usisugue upande wa juu. Ule mkunjo unafuata mviringo wa ubao wa vidole. Baada ya kazi, mfupa ubaki umechomoza angalau milimita 2 juu ya mbao ya daraja, ikiwezekana 3. Ukishuka zaidi, uzi unakosa pembe ya kushukia kwenye pini (kile kijiti kinachoubana kwenye tundu la daraja), haukandamizi mfupa sawasawa, na sauti inafifia.

Magitaa ya kanisani mara nyingi yana waya wa kuchukulia sauti chini ya mfupa huu. Kwa hayo, upande wa chini lazima uwe tambarare kabisa, la sivyo uzi mmoja utapiga kelele kwenye spika na mwingine utanong'ona. Mtu akisema "plagi imekufa nyuzi mbili", toa mfupa kwanza uukague kwa rula kabla ya kufungua kifaa chochote cha umeme.

Plastiki iliyo tupu ndani ni kitu cha kutupa. Mfupa wa ng'ombe ni mgumu, haukwanguliki na nyuzi haraka, na hapa Uganda upo kila bucha. Omba mfupa wa mguu, sehemu iliyonyooka yenye ukuta mnene. Usichukue uliokwisha kupikwa mulokoni, ile supu ya miguu ya ng'ombe: kuchemka saa nyingi kunatoa kolajeni, mfupa unabaki kama chaki na unavunjika ukingoni unapochonga mfereji. Jiki nayo inafanya hivyo hivyo, hata kama inang'arisha. Ondoa uboho, uchemshe kwa muda mfupi tu kulegeza nyama, kisha uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukibadilisha maji kila siku mpaka mafuta yasionekane tena. Mafuta yakibaki, mfupa utageuka manjano na gundi haitaushika. Ukitaka weupe, uloweke siku moja kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Ukaushe kivulini wiki mbili au zaidi.

Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Kipande cha milimita 6 kwa 9 kwa 45 kinatosha mfupa wa juu, na 3 kwa 10 kwa 80 wa chini. Vaa barakoa, vumbi la mfupa halifai mapafuni, na harufu yake utaijua mwenyewe. Msasa 120, 240, 400, 600, mwisho 1200 ya maji. Pembe za ng'ombe wa Ankole, ambazo mafundi wa vikombe na vifungo wanazing'arisha vizuri sana, hazifai kwa kazi hii. Pembe ni laini, uzi wa kwanza unaikata.

Mfupa uingie kwenye nafasi yake kwa kusukumwa na kidole, usihitaji nyundo, wala usiinamie mbele. Kisha linganisha sauti ya uzi ukikandamizwa freti ya 12 na ile ya hamoniki (uzi ukiguswa tu bila kukandamizwa) ya hapo hapo. Iliyokandamizwa ikiwa kali, sogeza ncha ya mfupa nyuma, kuelekea pini. Ikiwa chini, isogeze mbele. Ndiyo maana mfupa wa chini umewekwa mshazari: uzi wa sita unahitaji urefu zaidi kuliko wa kwanza. Fanya jaribio hili kwa nyuzi mpya. Nyuzi zilizooza kutu hazilingani hata na zenyewe.

Daraja linapoinuka

Ingiza kona ya karatasi nyuma ya daraja. Ikipenya zaidi ya milimita 1 au 2, gundi imeachia. Sababu kubwa ni joto. Gundi nyeupe na ya njano za mbao huanza kulainika karibu na sentigredi 60, na gari lililofungwa likiachwa juani linakaribia hapo. Sababu ya pili hutoka kiwandani: daraja limegundishwa juu ya vanishi badala ya mbao. Ya tatu inaonekana sana mashuleni, nyuzi za chuma kufungwa kwenye gitaa la klasiki. Daraja la nailoni limejengewa kilo 40. Ukilifungia 74 litang'oka, na mara nyingine linaondoka na vibanzi vya mbao ya uso wa gitaa.

Lililoinuka nusu lisijazwe supagluu. Litoe lote. Toa nyuzi na mfupa, kata vipande vya kadibodi vilivyofunikwa foili kuzunguka daraja ili vanishi isiungue, weka bamba la chuma lililopashwa moto juu ya daraja, kisha penyeza kisu chembamba cha plasta kutoka pembeni. Nyuzi za mbao za uso zinaelekea upande mmoja. Kisu kikianza kung'oa vibanzi, kigeuze kiingie kutoka upande mwingine. Baadhi ya madaraja yana skrubu mbili zilizofichwa chini ya vitone vya plastiki. Tafuta kwanza, kuliko kuvuta halafu ukashangaa.

Kwangua gundi kuukuu pande zote mbili mpaka mbao tupu ionekane. Chora ukingo wa daraja kwa ncha ya wembe, kisha ondoa vanishi ndani ya mstari huo bila kuikata mbao. Uso wa gitaa una tumbo kidogo, hivyo weka msasa juu ya uso, usugue daraja juu yake mpaka litulie bila kuyumba. Gundi iwe ya mbao ya njano, kama Titebond Original. Epoksi inamfunga fundi atakayekuja baadaye, gundi ya viatu haigandi ikawa ngumu, na gundi nyeupe ya shule inateleza polepole chini ya mvuto.

Klampu ndefu za kupita kwenye tundu la sauti hazipatikani kirahisi, lakini boliti za M4 zinafanya kazi ile ile. Pitisha mbili kwenye matundu ya pini ya kwanza na ya sita, ndani weka kibao chenye washa, juu kibao kingine, kaza kwa nati. Ongeza klampu moja katikati kama unayo. Zipake nta ya mshumaa kwanza ili zisigandie. Kabla ya gundi, kaza pakavu ukaangalie kama kingo zote zinakaa. Baada ya gundi, futa iliyochuruzika kwa kitambaa chenye maji, na usifunge nyuzi kabla ya saa 24.

Ukiwa ndani na kamera ya simu, tazama kibao kilicho chini ya daraja. Vichwa vya nyuzi vikiwa vimekula matundu na kupanda hadi kwenye daraja, gundisha kibamba cha milimita 2 cha mbao ngumu, mugavu uliokauka kwa mfano, utoboe matundu upya. Na wakati wa kufunga nyuzi, pini isukumwe huku ukiuvuta uzi juu mpaka kichwa chake kikae kwenye kibao. Kichwa kikikaa kwenye ncha ya pini, pini itaruka.

Freti na nyufa

Mkwaruzo wa noti moja tu karibu daima ni freti iliyoinuka. Laza ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu kwa mara moja. Ikicheza, ya katikati iko juu. Iliyolegea igongwe taratibu kwa nyundo ya plastiki, idondoshewe supagluu nyepesi na kukandamizwa. Iliyo imara lakini ndefu inasawazishwa kwa msasa 320 uliobandikwa kwenye alumini, freti zikiwa zimepakwa wino wa maka ili uone zilipoguswa, na mbao imefunikwa tepu. Kisha rudisha mviringo kwa tupa ya pembe tatu ambayo kingo zake zimelainishwa. Usisawazishe shingo nzima kwa ajili ya freti moja.

Ufa wa uso unataka vipande vya milimita 10 kwa 10, unene 2, vya mbao nyepesi kama musizi au paini kutoka Ndeeba, vigundishwe kwa ndani huku nyuzi za mbao zake zikikatiza ufa. Vikibandikwa sambamba na ufa, vinapasuka pamoja nao. Sumaku mbili za spika mbovu, moja nje na moja ndani, zinatosha kubana, ila weka kadibodi kati ya sumaku na vanishi.

Mvua, kiangazi na paa la bati

Mbao hupanuka kwa upana, si kwa urefu. Uso umebanwa pande zote, hivyo ukinyonya unyevu wa Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba unavimba kuelekea juu, unabeba daraja, na nyuzi zinapanda. Gitaa lile lile likipelekwa Moroto wakati wa kiangazi cha Karamoja linafanya kinyume: uso unazama, nyuzi zinakwaruza, ncha za freti zinachomoza na kukwangua kiganja. Usizisugue ncha hizo siku gitaa linapoingia likiwa kavu. Lipe unyevu wiki moja kwanza, uone zinavyorudi. Kinachofaa ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na kipimo kidogo cha unyevu, kama kile kilichomo kwenye baadhi ya saa za ukutani, kinatosha kuufuatilia.

Kwa sehemu kavu, sifongo yenye maji, iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, iwekwe kwenye kesi karibu na kichwa. Kwa msimu wa mvua, vifuko vya silika kutoka maboksi ya viatu. Nyumba ya bati isiyo na dari haifai kutundikia gitaa ukutani juu. Joto la mchana linakusanyika pale pale.

Kuna magitaa ya kukataa. Ile shingo iliyovutwa mbele niliyoitaja inatakiwa kutolewa na kukatiwa pembe upya, kazi ya siku kadhaa, na kwenye gitaa la bei ndogo mara nyingi kiungo kimejazwa epoksi isiyolegea kirahisi kwa mvuke. Unaweza kuparua mbao ya daraja kutoka unene wake wa kawaida wa karibu milimita 9 hadi 7, upate nafasi ya mfupa, lakini huo ni muda wa kuazima. Mwambie mwenyewe hivyo kabla ya kupokea pesa.

Kabla ya kulikabidhi, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye gia za funguo, kaza skrubu zake ndogo, hakikisha uzi wa kwanza umezungushwa mara tatu au nne ukishuka chini. Kisha andika kwenye kipande cha karatasi kimo cha uzi wa kwanza na wa sita, upinde, seti ya nyuzi, sauti iliyotuniwa na tarehe, ukibandike ndani, mahali panapoonekana kupitia tundu la sauti. Nyuzi zikipanda tena baada ya mvua kuanza, fundi atakayelifungua, awe wewe au mwingine, atajua zimepanda kiasi gani na aanzie wapi.